Leo Tena

Jumatatu, maharage.
Jumanne, maharage na mchicha, ili yasionekane ni yale yale.
Jumatano nikayaunga kwa tui zito, nikayapa jina la hotelini,
na Sikujua, mwenye miaka saba na ulimi wa karani,
akachungulia sufuria, akanena taratibu
kama anayeleta habari za msiba:
"Mama, leo tena? Ni yale yale, yamevaa kanzu."

Sikumpiga. Sikucheka pia.
Nilibaki juu ya mbuzi ya nazi, kifuu mkononi,
nikahesabu kwa vidole ninavyojua kupika:
wali, ugali, ndizi,
tambi za Ramadhani,
kibua wa kukaanga, mfuko ukiniruhusu.
Mkono mmoja ukajaa.
Wa pili ukabaki umeshika mwiko.

Alhamisi nikaenda sokoni Tandika na elfu tano
na nia ya mtu anayehama nyumba.
Bilinganya ziling'aa kama viatu vya bwana harusi,
nyanya chungu zimekaa mafungu mafungu,
na bamia, na boga lililopasuliwa, likionyesha mbegu zake bila haya.
Nikazisalimia zote. Nikauliza bei. Nikapita.
Miguu ina mazoea kuliko kichwa:
nilipokuja kushtuka nipo mbele ya gunia lile lile,
na muuzaji keshapima nusu kilo
bila kuniuliza.

Nyumba yetu ina vyumba sita na kuta zisizofika darini.
Ugomvi hupita juu, redio hupita juu,
na jioni harufu hupita, maana harufu haibishi hodi.
Mlango wa pili ni Mama Tumsifu, mtori wake unanifuata mpaka kitandani.
Mlango wa nne ni Nyamizi, wa Tabora,
na kwake hutoka kitu nisichokijua,
kizito, cha karanga, chenye moshi kidogo,
kama mvua ya kwanza imeanguka juu ya jiko.
Miaka miwili nakisikia.
Miaka miwili naona aibu kuuliza.

Jioni hiyo nikachukua kibakuli nikaenda kuomba chumvi.
Nyamizi akanitazama, akakitazama kibakuli.
"Chumvi unayo. Jana umenunua pakiti mbili, nilikuwa nyuma yako."
Nikakosa pa kuweka uso.
Akafunua chungu: nsansa,
majani ya kunde yaliyokaushwa juani,
mama yake huyatuma kwa basi ndani ya mfuko wa sukari.
Nikameza mate, nadhani kwa sauti.
Ndipo akashusha macho na yeye.
"Kuna kitu nilitaka kukuomba siku nyingi, mama Sikujua.
Yale maharage yako. Ya nazi.
Lushinge kila siku ananiuliza
kwa nini sisi hatuli kama kwa jirani."

Tukabadilishana sufuria pale pale koridoni,
kanga zimezungushiwa mikono, zisituunguze,
tukitembea kwa hadhari kama waliobeba mtoto mchanga.

Kibwana alikula bila neno, lakini alirudia,
na mtu yule harudiii kitu, hata salamu.
Sikujua alichungulia: "Hii imetoka wapi?"
"Mlango wa nne."
Akatafuna. Akasimama kutafuna. Akafikiri.
"Ina mchanga."
Ulikuwepo, kweli, kidogo.
Akamega ugali mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza.

Usiku, taa zimezimwa, mbu wanafungua kikao,
sauti ya Lushinge ikapanda ukuta, ikashukia kwetu:
"Mama, na kesho tena, eeh? Tena yale yale!"

Nililala nikiligeuza lile neno kinywani.
Tena.
Kisha nikaamka, nikapapasa gizani,
nikaloweka ile nusu kilo.